Risiva wa NFL: sekunde za yadi 40 au mavuno, kipi kisomwe kwanza?

Kibatari (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Hapa nazungumzia mpira wa Kimarekani wa ligi ya NFL, ule wa umbo la yai, si soka. Risiva ni yule mdakaji wa mipira inayorushwa. Wasioufuatilia watusamehe.

Kila Kombaini ya Indianapolis (majaribio ya vijana wanaotaka kuingia NFL) inapofika, watu wanashika namba moja tu: sekunde za yadi 40. Xavier Worthy alikimbia 4.21 mwaka 2024, akafuta rekodi ya John Ross ya 4.22 iliyowekwa 2017, na kelele zake mnazikumbuka. Lakini ukirudi 2021 unamkuta Cooper Kupp, aliyekimbia 4.62 alipotoka chuo, ameongoza ligi kwa mipira aliyodaka (145), kwa yadi (1,947) na kwa tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja (16). Vyote vitatu msimu mmoja.

Halafu kuna drafti ya 2020, zoezi la timu kuchagua vijana wa chuo kwa zamu. Philadelphia walichagua nafasi ya 21 wakamchukua Jalen Reagor, wakisifia kasi yake. Minnesota nafasi ya 22 wakamchukua Justin Jefferson. Yaliyofuata yanajulikana.

Sasa naomba wenye utaalamu wanisaidie. Ukipewa majina matano ya marisiva, unaanza na namba gani, unazikokotoaje, na ni zipi za kutupa? Na kwa mtu mwenye simu na marudio ya mechi tu, kuna njia ya kupima kasi ya mchezaji akiwa na vifaa vyote mwilini?

---

Mpimaji40

Mkuu Kibatari, tuanze na saa yenyewe, maana wengi wanabishania namba ambayo hawajui imepatikanaje.

Yadi 40 ni mita 36.58. Mchezaji anainama, mkono mmoja chini, anaondoka anapojisikia mwenyewe. Hakuna bastola, kwa hiyo ule muda wa kusikia mlio na kushtuka haumo ndani ya hesabu. Kwenye Kombaini kuna mtu anayebonyeza saa anapoona mwili umesogea, na mwale wa mwanga ndio unaoisimamisha kule mwisho. Ndiyo maana yule anayechukua kipande cha mwanzo cha mbio za mita 100 akakilinganisha na 4.3 ya risiva anachanganya pishi na kilo. Kila mchezaji hupewa mbio mbili. Ile namba inayotokea papo hapo kwenye televisheni si rasmi. Ya Worthy ilionyeshwa 4.22, ikatoka rasmi 4.21.

Siku za majaribio vyuoni ni habari nyingine. Kule saa za mkononi zinabonyezwa mwanzo na mwisho, na chuo ndicho kinachochagua sakafu. Namba za kule huwa nyepesi. Ukimwona mmoja ana 4.38 ya chuoni na mwenzake ana 4.44 ya Indianapolis, wahesabu kuwa sawa hadi mkanda wa mechi uwatenganishe.

Sasa geuza sekunde ziwe urefu, ndipo utajua za kugombania na za kuacha. Risiva anayemaliza yadi 40 anakuwa anakwenda kama mita 9.5 kwa sekunde. Tofauti ya 4.35 na 4.50 ni sekunde 0.15, yaani mita 1.4 hivi. Hapo kweli mkono wa beki unafika au haufiki. Lakini 4.41 dhidi ya 4.44 ni kama sentimita 28, na hizo zinaweza kumezwa na kidole cha mbonyezaji. Wanaopanga orodha kwa tofauti za 0.02 wanapanga vidole vya watu.

Usisahau uzito. Worthy alipimwa ratili 165, kama kilo 75. Risiva mwingine, DK Metcalf, alikimbia 4.33 mwaka 2019 akiwa na ratili 228, kilo 103 na ushee. Kuna fomula ya zamani iliyotungwa kwa ajili ya wale wanaobeba mpira, lakini inasaidia kuona picha: zidisha uzito wa ratili kwa 200, kisha gawanya kwa sekunde zilizozidishwa zenyewe mara nne (4.33 × 4.33 × 4.33 × 4.33 ni 351.5). Metcalf anapata karibu 130. Worthy anapata 105 pamoja na rekodi yake. Kupp, wa ratili 204, anapata 90 tu. Kwa hiyo fomula inakwambia nani ana injini kubwa, haikwambii nani anajua kuendesha.

Kwangu mbio ni nauli. Ukiwa nayo unapanda daladala. Ukiwa nayo mara mbili hufiki mapema zaidi. Kipande ninachokiangalia kuliko vyote ni yadi 10 za kwanza: karibu na 1.50 ni mlipuko, 1.60 kwenda juu ni mzito wa kuanza. Risiva hukimbia yadi 10 za kwanza kila ruti (njia aliyopangiwa kukimbia). Yadi 40 kamili bila kukata kona anazikimbia mara chache kwa mechi.

---

Zulekha_Yadi

Nishike upande wa mavuno, yaani mipira, yadi na tachidauni alizovuna mchezaji.

Kosa la kwanza ni kusoma jumla. Yadi 1,100 kwenye timu inayorusha mara 45 kwa mechi na yadi 1,100 kwenye timu inayorusha mara 25 ni wachezaji wawili tofauti kabisa. Lazima ugawanye.

Kwa vijana wa chuo mimi natumia mgao. Tuseme timu nzima imerusha yadi 3,200 na tachidauni 24, na kijana wako ana yadi 1,000 na tachidauni 9. Upande wa yadi ni asilimia 31.25, upande wa tachidauni 37.5, wastani 34.4. Ukivuka 30, huyo ndiye aliyebeba safu. Asilimia 20 ndiyo wachambuzi wengi wanaihesabu kuwa kijana amechipuka, halafu swali linalofuata ni umri: alichipuka lini? Wa miaka 19 anayewazidi mabeki wa miaka 22 si sawa na wa miaka 23 anayewazidi waliomaliza sekondari juzi.

Mgao una matundu. Chukua timu ya chuo cha LSU ya 2019. Joe Burrow, kwotabeki wao (mrushaji wa mipira), alirusha yadi 5,671 na tachidauni 60. Jefferson alidaka mipira 111, yadi 1,540, tachidauni 18. Ukigawa kwa namba za Burrow unapata kama asilimia 28.6, hafiki hata 30. Mtu akikomea hapo anamwona wa kawaida. Lakini pembeni yake alikuwapo Ja'Marr Chase na yadi 1,780 na tachidauni 20! Asilimia 28 mezani pa watu wenye njaa kama hao ni nyingi kuliko 38 unapokula peke yako. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu kwa mgao, andika majina ya waliogawana naye.

Tundu la pili ni daraja la wapinzani. Kupp alitoka Eastern Washington, daraja la chini ya vyuo vikubwa, akaondoka na mipira 428, yadi 6,464 na tachidauni 73. Ungeweza kusema aliwaonea wanyonge. Dawa yake ni kutenga mechi alizokutana na wakubwa. Mwaka 2015 dhidi ya Oregon alidaka 15, yadi 246, tachidauni 3. Basi, swali limejibiwa.

Kwa waliokwisha ingia NFL, namba ninayoiamini kuliko zote ni yadi kwa kila ruti: yadi zote alizopata ukigawa kwa idadi ya ruti alizokimbia timu ilipokuwa inarusha. Si kwa mechi wala kwa mipira aliyodaka. Mara alizokuwa uwanjani timu ikikimbiza mpira hazimo. Kwa makadirio ya wengi 2.00 ni mzuri, 3.00 ni nadra, na anayezunguka 1.2 yuko hatarini kupoteza nafasi.

Usikomee hapo, ipasue namba vipande viwili. Mfano wa kubuni:

Risiva A: ruti 500, mipira aliyoelekezewa 110, yadi 1,050. Kwa ruti ni 2.10.
Risiva B: ruti 325, mipira aliyoelekezewa 62, yadi 780. Kwa ruti ni 2.40.

Kwa haraka B ni bora. Sasa pasua. A anaelekezewa mpira kwenye asilimia 22 ya ruti zake, na kila mpira unaleta yadi 9.5. B anaelekezewa kwenye 19 tu, ila kila mpira ni yadi 12.6. B anaishi kwa mipira mirefu. Mipira mirefu mitatu ikigonga vidole badala ya viganja, 2.40 yake inashuka ghafla. A anaelekezewa mpira kwa sababu yuko wazi mara nyingi, na tabia hiyo ndiyo inayojirudia mwaka hadi mwaka. Tachidauni zinayumba sana, na mipira ya kuangushwa vivyo hivyo. Usimkate mtu kwa msimu mmoja wa mikono ya siagi.

Chini ya ruti 200 hiyo namba usiiguse. Risiva wa akiba huingizwa kwenye hali alizochaguliwa, dhidi ya mabeki waliochoka.

---

Sefti_Mbili

Mfano wa nauli umenichekesha, Mpimaji40, lakini umesahau kuwa mwenye nauli mara mbili anapanda bodaboda, anakuacha kwenye foleni.

Kasi ya kupindukia ina faida isiyoandikwa kwenye jina la mwenye kasi. Ukiwa na mtu kama Tyreek Hill, waliyempima kilomita 37.4 kwa saa akirudisha mpira wa teke mwaka 2016, sefti (beki wa nyuma kabisa) hasimami pale anapotaka yeye. Anarudi nyuma yadi tatu nne zaidi kabla hata mpira haujaachiwa kuanza mchezo. Na si sefti mmoja, ni wawili. Nafasi yote waliyoiacha katikati inakuwa ya mtu mwingine: yule mkubwa anayekata ndani kwenye yadi 12, au mbeba mpira anayekuta watu sita mbele badala ya wanane. Sasa dada Zulekha akikokotoa yadi kwa ruti, mtu wa kasi aliyekimbia moja kwa moja akavuta sefti wawili anaandikiwa sifuri.

Njia ya kuikamata faida hiyo ni kulinganisha timu yake akiwa uwanjani na akiwa nje. Yadi kwa kila mrusho, mara ngapi wapinzani wamesimamisha sefti wawili nyuma, wastani wa nafasi ambayo kona (beki wa pembeni anayemkabili risiva) anamwachia mpira unapoachiwa. Hiyo ya mwisho inatolewa wazi na Next Gen Stats, mfumo wa takwimu wa NFL. Kona anayempa mtu yadi 7 au 8 anakiri hofu, na hofu haidanganyi.

Na tuseme ukweli, Hill mwenyewe ana mavuno. Yadi 1,710 mwaka 2022, 1,799 mwaka 2023. Worthy naye: msimu wa kwanza mipira 59, yadi 638, tachidauni 6, halafu kwenye Super Bowl ya LIX, fainali ya ligi, akadaka 8 kwa yadi 157 na tachidauni 2.

---

Zulekha_Yadi

@Sefti_Mbili hoja ya sefti nakubali, na ya kulinganisha timu akiwemo na asipokuwemo nakubali nusu. Shida ni kwamba risiva na kwotabeki wake hutoka na kuingia pamoja. Mechi ambazo mwenye kasi ameumia mara nyingine ndizo ambazo kinga ya mbele (wanaomlinda kwotabeki) nayo imeumia. Sampuli inakuwa mechi tatu, unabaki unasoma nyota.

Kuhusu Super Bowl ile: tachidauni ya kwanza ya Worthy ilikuja timu yake, Kansas City, ikiwa nyuma 34-0. Mabeki wa Philadelphia walikuwa wanacheza kwa kuilinda saa, wanakupa yadi ilmradi ubaki ndani ya uwanja. Simdharau kijana, nasema yadi za mechi iliyokwisha ziandike kwa penseli. Kila ninapopima, natenga yadi zilizopatikana timu ikiwa nyuma kwa pointi 17 na zaidi robo ya nne. Kwa baadhi ya watu zinatoka robo nzima ya msimu.

Na kama unataka mfano wa hofu isiyolipa: Darrius Heyward-Bey, 4.30, Raiders wakamchukua nafasi ya 7 mwaka 2009 mbele ya risiva mwenzake Michael Crabtree. Msimu wake wa kwanza ulikuwa mipira 9, yadi 124. Mwaka wake wa mwisho chuoni Maryland alikuwa na yadi 609 tu. Dalili ilikuwa mezani, saa ikaifunika.

---

NyongaWazi

Mnapiga hesabu nzuri lakini hamjafungua mkanda. Kati ya mbio na mavuno kuna daraja, na daraja hilo ni nyonga za beki.

Chukua mchezo mmoja. Tafuta picha ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, si ile ya televisheni inayomfuata kwotabeki. Kona amesimama yadi 7 mbele ya risiva. Mpira unaachiwa. Risiva anamkimbilia kifuani moja kwa moja. Simamisha picha hapo ambapo kona anageuza nyonga ili kukimbia naye. Risiva amefika yadi ya ngapi? Akiwa kwenye yadi ya 4 au 5, kona ameogopa mapema, na kila ruti ya kusimama ghafla au kukata ndani iko wazi. Akiwa ameshafika bega kwa bega na kona bado anarudi kinyumenyume kwa raha zake, hakuna anayeogopa hiyo 4.35.

Hatua ya pili: kusimama. Hesabu hatua za risiva tangu anapoanza kupunguza mwendo hadi anapogeuka. Wazuri hutumia mbili au tatu, kifua kikiwa kimeshuka juu ya magoti. Anayetumia tano, mwili ukisimama wima kabla ya kugeuka, amempigia beki simu kumwambia anageuka. Watu wengi wa kasi kubwa hukwama hapa: gari lina injini, breki za baiskeli. Metcalf alipokimbia 4.33 alikimbia pia zoezi la koni tatu (la kukimbia na kugeuka ghafla) kwa sekunde 7.38. Tom Brady, kwotabeki ambaye watu humcheka kwa uzito wa miguu, alikuwa na 7.20! Kupp alipata 6.75. Hapo ndipo 4.62 yake inapoeleweka. Hakukupita kwa mbio, alikuacha kwenye kugeuka.

Lakini msimzike Metcalf kwa koni. Seattle walimpata nafasi ya 64, wakampa ruti zisizohitaji kugeuka sana: moja kwa moja, kukata kwa mteremko, kuvuka uwanja. Mtu na kazi yake. Kwa hiyo ukipima risiva, jiulize pia mwalimu wake anataka ruti zipi, vinginevyo unampima samaki kwa kupanda mti.

Hatua ya tatu ni mabeki wanaobana mstarini. Kuna vijana wa chuo ambao msimu mzima hawakuguswa kifuani kwa sababu walikuwa wanaanzia ndani, karibu na mstari wa kinga, au wanatembea kabla ya mpira kuachiwa. Tafuta mara 20 ambazo amebanwa. Ukizikosa, andika "haijulikani", usiandike "anaweza".

---

Kibatari

Mmenifungua macho wote. @Mpimaji40, bado hujanijibu la simu. Na dada Zulekha, ile namba ya Next Gen Stats ya umbali kati ya risiva na beki, naiona watu wakiibeba kama msahafu. Ni ya kuaminiwa?

---

Mpimaji40

La simu, twende.

Uwanja wenyewe ni rula. Mistari mikubwa iko kila yadi 5, alama ndogo kila yadi moja. Kumbuka namba moja: yadi 10 kwa sekunde moja kamili ni maili 20.45 kwa saa, sawa na kilomita 32.9.

Pata video ya fremu 60 kwa sekunde. Chagua mahali ambapo mchezaji ameshashika kasi na anakimbia sambamba na mstari wa pembeni. Chagua kiungo kimoja cha mwili, mimi natumia kiuno kwa sababu kichwa hutangulia na miguu hucheza. Simamisha fremu ambayo kiuno kinavuka mstari, kisha sogeza fremu moja moja ukihesabu hadi kivuke mstari wa yadi 20 mbele. Gawanya 2,454 kwa idadi ya fremu, unapata maili kwa saa. Fremu 120 ni 20.45. Fremu 114 ni 21.5. Fremu 112 ni 21.9. Ukitaka kilomita zidisha kwa 1.609.

Kwa nini yadi 20 na si 10? Kwenye yadi 10 kosa la fremu moja linakuyumbisha karibu maili 0.35. Kwenye 20 ni nusu ya hapo. Ukiwa na video ya fremu 30 usipime chini ya yadi 20 kabisa.

Yanayoharibu kipimo:

Kukimbia mshazari. Akipanda yadi 10 huku akiwa amesogea pembeni yadi 4, amekimbia 10.77, kwa hiyo utamwonea kwa asilimia karibu 7. Tumia Pythagoras, upana wa uwanja ni yadi 53 na theluthi.

Kamera. Inapokuwa nyuma ya mchezaji na si ubavuni, kiuno kinaonekana kuvuka mstari kabla au baada ya wakati. Pima mchezaji aliye karibu na katikati ya picha.

Marudio ya mwendo wa polepole. Hayo hayana muda halisi, usiyaguse. Na vipande vya mitandaoni vingine vimeshaharakishwa. Ukipata mtu wa maili 25 ujue umepigwa.

Ya kulinganisha nayo: Metcalf alipomkimbiza beki Budda Baker Oktoba 2020, Next Gen Stats walimsoma maili 22.64, kilomita 36.4 hivi, akiwa na kofia na kinga za mabega. Risiva anayegusa 21 mara kwa mara ni mwepesi wa kweli. Metcalf huyohuyo aliingia mita 100 Mei 2021 kule California akapata 10.36, hakufuzu fainali. Kwa mtu wa uzito ule ni maajabu, ila Omanyala aliyekimbia 9.77 pale Kasarani mwaka huohuo angemwacha mita tano na zaidi. Mbio za riadha na mbio za ruti ni ndugu wa mbali.

---

Zulekha_Yadi

Kuhusu ule umbali: mabega ya kila mchezaji yana kifaa kidogo cha redio, mahali alipo panasomwa mara 10 kwa sekunde. Kipimo ni kizuri. Kinachopotosha ni wakati kinaposomwa. Umbali kati ya risiva na beki wa karibu huchukuliwa mpira unapodakwa au unapokosekana, na kwa mipira iliyorushwa kwake tu. Zile ruti 400 ambazo alikuwa wazi na kwotabeki akatazama kwingine hazimo.

Tena mpira mrefu unakaa hewani muda mwingi, beki anapata nafasi ya kukaribia. Kwa hiyo mtu wa mipira mifupi hupata yadi 3 na zaidi, mtu wa mipira mirefu hupata mbili na kitu, na hakuna aliyekosea. Mike Evans alikimbia 4.53, mara nyingi anadaka beki akiwa amemlalia mgongoni, na amevuka yadi 1,000 misimu yake 11 ya kwanza yote, 2014 hadi 2024. Ukimpanga kwa umbali utamweka mkiani. Kwa hiyo kabla ya kusoma umbali, soma kwanza wastani wa urefu wa mipira anayorushiwa, kisha mlinganishe na wenye urefu uleule: wa yadi 7 na wenzake wa yadi 7, wa yadi 15 na wenzake.

Jambo jingine dogo: tenga ulinzi wa mtu kwa mtu na ulinzi wa eneo. Dhidi ya eneo, kuwa wazi ni kujua kusimama kwenye tundu. Dhidi ya mtu, ni kumshinda huyo mtu. Risiva mwenye yadi 2.5 kwa ruti dhidi ya eneo na 1.1 dhidi ya mtu atakuja kufichuliwa mwezi wa Januari, kwenye mtoano, timu zinapoamua kumbana.

---

Sefti_Mbili

Sasa turudi kwa Reagor na Jefferson, maana Kibatari aliuliza na watu wamekwepa. Kwenye Kombaini Jefferson alikimbia 4.43. Reagor 4.47. Yaani yule aliyesifiwa kwa kasi alishindwa na saa hiyohiyo! Nani alikuwa anaangalia nini?

---

NyongaWazi

Mkuu, walikuwa na sababu, ila ziliwapeleka porini. Reagor mwaka 2018 pale chuo cha TCU alidaka 72 kwa yadi 1,061 na tachidauni 9. Mwaka 2019 akashuka hadi 43, yadi 611, tachidauni 5. Maelezo yaliyouzwa ni kwamba kwotabeki alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyelenga. Jefferson naye alitiliwa shaka kwa sababu 2019 alianzia ndani karibu kila mchezo, wakasema atakwama akipelekwa pembeni. Matokeo ya msimu wa kwanza: Jefferson 88 kwa yadi 1,400, Reagor 31 kwa 396.

Kisingizio cha kwotabeki kina namna ya kupimwa, usikubali kwa mdomo. Chukua mipira yote aliyorushiwa, ipange mafungu matatu: inayodakika bila kunyoosha mwili, inayodakika kwa kujinyoosha, na isiyodakika na binadamu. Hesabu mavuno kwenye mafungu mawili ya kwanza tu. Halafu, na hili ndilo watu wanalisahau, rudi kwenye ruti ambazo hakurushiwa kabisa. Kwotabeki mbaya anaharibu mpira ukiwa hewani. Hawezi kumharibia risiva hatua zake tano za kwanza. Kama hata pale asiporushiwa kona bado yuko begani mwake ruti baada ya ruti, kwotabeki hahusiki.

Kwa suala la kuanzia ndani, tafuta zile ruti chache alizoanzia pembeni, na mwaka wa kabla yake pia. Jefferson mwaka 2018 alikuwa anaanzia pembeni, na mikanda ipo.

---

Kibatari

Nimeelewa. Naanza na mgao na majina ya waliogawana, kisha yadi kwa ruti nikiipasua, kisha mkanda wa picha ya juu nikitazama nyonga, na sekunde za yadi 40 nizifungue mwisho nione kama zinapingana na nilichokiona. @Mpimaji40, ile 2,454 ni kwa yadi 20 na fremu 60 tu, au nikibadilisha lazima nikokotoe upya?

---

Mpimaji40

Kwa yadi 20 na fremu 60 tu. Yadi 30 weka 3,681. Video ya fremu 30 gawanya kwa mbili: 1,227 kwa yadi 20. Na angalia mipangilio ya simu kabla hujapakua, baadhi hushusha 60 kuwa 30 bila kukuuliza, ukaja kutuletea hapa risiva wa maili 42.